Hadi Pale Kwenye Mkaratusi

Wiki jana nafasi yangu gazetini iliisha nikiwa nimemkalia mtu mgongoni ndani ya matope, mkono mmoja kwenye ukosi wake na mwingine kwenye gunia alilojifunika uso. Bado nimemkalia. Lakini kwanza niwakumbushe wale ambao gazeti lao lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma.

Mimi ni Onsongo, mkulima wa chai katika vilima vya juu ya Ogembo. Mwaka juzi nilipigwa na radi nikiwa kwenye foleni ya kituo cha chai, kikapu mgongoni. Watu walinililia, wengine wakaanza kuulizana nani atatoa ng'ombe wa matanga. Nikaamka. Tangu siku hiyo, radi ikinguruma mimi hupata nguvu za ng'ombe sita. Mvua ikikatika nguvu nazo zinakatika, narudi kuwa mtu wa kuumwa na kiuno.

Nilianza kwa kuinua lori la chai lililokwama matopeni. Kisha nikajitafutia vazi: helmeti ya bodaboda yenye kioo cheusi, gambuti, na ile aproni ya plastiki ya njano tunayovaa kuchuma chai, ila mimi niliifunga upande wa mgongoni ipeperuke. Watu wakaniita Radi. Hakuna aliyejua ni mimi, hata mke wangu Drusilla. Yeye nilimwambia kila mvua ikianza nakimbilia mazoezi ya kwaya.

Shujaa asiye na adui ni mtu aliyevaa vibaya tu. Kwa hiyo nilifurahi, Mungu anisamehe, alipotokea Futi Moja.

Futi Moja hakuiba kuku wala ng'ombe. Alihamisha mipaka. Mvua kubwa ikinyesha mchana, watu wakiwa ndani, aling'oa mikonge ya mpaka wa mtu na kuipanda upya futi moja kando. Mvua ilifuta nyayo na mikonge ikashika vizuri. Kwetu, ambapo shamba la mtu unaweza kulimaliza kwa hatua ishirini, futi moja si mchezo. Ndugu walikimbizana na panga. Majirani waliacha kuazimana chumvi.

Kisha kaka yangu Masese akakutwa shambani kwa watu, mvua inamnyeshea, jembe mkono huu na mkonge uliong'olewa mkono ule. Alisema alikuwa anaurudisha. Chifu Josiah alisema huo ni uongo, akamwacha arudi nyumbani kwa muda, akaitisha baraza siku ya Alhamisi ili Masese apelekwe polisi mbele ya watu wote. Jumanne, siku mbili kabla ya baraza, mimi nikamkuta Futi Moja halisi akichimba, nikamrukia. Hapo ndipo tulipoachana.

Nikavuta gunia.

Zikatokea mvi kwanza. Kisha sikio. Kisha miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na ule uzi niliujua, kwa sababu ulifungwa nyumbani kwangu, na mke wangu, siku ya Krismasi.

Alikuwa Mzee Manasseh wa Suneka. Mzee wa kanisa. Mtu aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kuwashikia wapima ardhi mnyororo wao. Baba yake Drusilla. Mkwe wangu.

Nikalegea kwa mshtuko. Naye alipohisi nimelegea akajinasua kwa nguvu zake zote, akateleza, nikamdaka kiunoni, akatoka mikononi mwangu kama mche unaochomoka kwenye udongo laini. Mzee alitoka. Suruali yake ilibaki nimeishika mimi.

Na radi, ambayo haijawahi kukosea wakati wa kuniaibisha, ikamulika kijiji kizima.

Msomaji ambaye si wa kwetu atacheka tu hapo. Wa kwetu ameshika kichwa. Sisi tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake. Chumbani kwa mkwe huingii. Mambo ya mwili huyataji mbele yake. Kumwona bila nguo ni jambo la kuitiwa wazee na kuchinjiwa mbuzi, na hata baada ya mbuzi mnaweza kukwepana njiani mpaka mmoja wenu azikwe.

Nikageuka haraka, nikafungua aproni yangu, nikaitupa nyuma bila kuangalia.

"Wewe ni mwana wa nani?" sauti yake ikaniuliza, ikitetemeka.

Ningejibu kwa sauti yangu angenijua. Nikabana pua, nikazungumza kama makanga wa matatu za Nairobi, anayemwita kila mzee mbuyu.

"Mbuyu, jifunge hiyo kitu uishie zako. Mi sijakuona."

"Unatoka wapi?"

"Nai. Mimi ni mtu wa Nai, mbuyu."

"Huna mtu huku Gusii?"

"Hakuna. Niko solo."

"Mungu asifiwe," akasema, na alisema kwa moyo. Nikasikia miguu yake ikiondoka upesi kwenye majani mabichi.

Nilimwacha aende. Siku hiyo nilijiambia nimemwacha kwa heshima, na nusu ya hiyo ni kweli. Nusu ya pili naiungama hapa. Wanawake wa sokoni Ogembo walikuwa wakimwekea Radi ndizi mbivu pembeni. Watoto walikuwa na wimbo wake. Watu wa Nyamira walikuwa wameandika barua rasmi kwa chifu wakiomba waazimwe Radi kwa wiki mbili. Futi Moja akishikwa, Radi atabaki kusukuma malori. Sikutaka kusukuma malori.

Nilificha helmeti kwenye zizi la mbuzi, nikaingia nyumbani nimelowa. Drusilla alinipokea mlangoni.

"Baba Linda, kwaya imeisha mapema leo."

"Watu wa besi hawakuja."

"Haya. Tata yuko ndani, amenyeshewa vibaya. Amesema anataka kuongea na wewe."

Tata, kwetu, ni baba; nikajua ni yuleyule wa matopeni. "Amevaa nini?"

Drusilla akanitazama. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza kwa sababu umesema amenyeshewa."

"Nimempa suruali yako, amekataa. Anasema nguo ya mkwe haivaliwi. Amejifunga plastiki ya mtu fulani na blanketi juu."

Mzee Manasseh alikuwa ameketi wima kwenye kochi, blanketi mabegani, aproni ya njano imemfika magotini. Nilikaa kiti cha mbali. Yeye alitazama kalenda, mimi nikatazama chupa ya chai, kama inavyotakiwa.

"Omoko," akaniita, maana yake mkwe. "Leo nimepatwa na jambo."

"Pole sana, tata."

"Kuna kijana wa Nairobi, anavaa helmeti. Ameniangusha. Ameona vitu ambavyo hata daktari sijamruhusu aone."

Nilikohoa. Chai ilikuwa bado haijamiminwa lakini nilipaliwa.

"Ninashukuru kitu kimoja tu," akaendelea. "Ni mgeni. Angekuwa mtoto wangu, ama mkwe wangu, nisingekanyaga tena boma hili. Ningemtazamaje? Ningemwambia nini? Drusilla angenitembelea na wajukuu, basi, mpaka kifo."

"Ni mgeni kabisa, tata. Hata mimi nimesikia ni wa Nairobi."

Akashusha sauti.

"Umeniuliza moyoni kwa nini alinishika. Wewe ni kijana mpole, hutauliza kwa mdomo. Nitakuambia. Ile siku tulikuja kuona boma lako kabla sijakupa Drusilla, ulinionyesha shamba lako. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Wasomaji wangu, nilikumbuka mpaka masikio yakapata joto.

"Ulisimama pale kwenye migomba," akasema, "ukanyoosha mkono, ukaniambia, 'Tata, chai hii yote ni yangu, hadi pale kwenye mkaratusi.'"

Nilisema hivyo. Siku ile walikuja wakwe kumi na wawili, wazee wenye fimbo na shangazi watatu wenye macho makali, na shamba langu lilikuwa limeishia palepale kwenye migomba, mbele ya miguu yangu. Kutoka migomba hadi mkaratusi ni futi ishirini, na zote ni za Masese. Masese alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia. Alikuwa kaka, akanyamaza ili nipate mke.

"Nilipokuja mwaka jana kumwona Linda," mzee akasema, "nikakuta mpaka uko kwenye migomba. Nimeshika mnyororo miaka thelathini, omoko. Mpaka haunidanganyi. Nikajua kaka yako amekula shamba la binti yangu, na wewe kwa upole wako umenyamaza."

"Tata..."

"Usimtetee. Huwezi kupigana na ndugu yako, naelewa. Kwa hiyo nikaanza kulirudisha mimi mwenyewe, futi moja kila siku ya soko ikinyesha. Sasa zimefika tisa."

"Na mashamba ya wengine?"

"Hayo yalikuwa ya kuwachanganya. Nilikuwa nasogeza wiki hii, wiki ijayo narudisha. Si haki kuchukua ya watu." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Lakini watu wenu ni wa ajabu. Mpaka ukisogea wanapiga nduru. Ukirudi, hakuna anayeona."

Sasa naungama kubwa kuliko yote. Zile futi tisa nilikuwa nimeziona. Nani hajui shamba lake? Masese alikuja Februari kuniambia mpaka wetu unatembea, nikamjibu ajifunze kupima, na tangu siku hiyo hatusalimiani. Kila Jumatatu nimekuwa nikichuma chai yake. Halafu mvua ikianza, navaa helmeti naenda kumtafuta mwizi wa mashamba.

Nilifungua mdomo nimwambie mzee ukweli. Mara tatu niliufungua. Mara ya tatu nikajisikia nikiuliza, "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja," akasema kwa fahari. "Na Alhamisi huyo Masese akipelekwa polisi, nitazimaliza kwa nafasi. Mwizi ameitwa mwizi."

Drusilla akaingia na vikombe. Alikuwa anainama kumpa baba yake chai, akasimama hapohapo, ameinama, macho kwenye pindo la aproni. Pale penye pindo pana kiraka cha bluu, kipande cha sare ya zamani ya Linda. Alikishona yeye mwenyewe, kabla sijamwambia kwamba aproni hiyo iliibwa kituoni.

Aliangalia kiraka. Akaniangalia mimi, nguo zangu zilizolowa, matope kwenye magoti. Akaangalia baba yake.

"Kunywa chai, tata," akasema. Hakusema lingine jioni hiyo, na mimi mke wangu akinyamaza huwa naona heri anipigie kelele.

Alhamisi ikafika. Baraza lilifanyika kwenye banda la kituo cha chai, saa nane mchana, wingu zito likiwa limekaa juu ya Ogembo lakini kimya. Chifu Josiah alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba Radi afike bila kukosa, amtambue Futi Moja.

Nilikuwa na mpango, na niliuona mzuri. Nitatokea, nitatikisa kichwa kuhusu Masese, Masese ataachiliwa. Nitasema Futi Moja aliponyoka, mkwe wangu atabaki na heshima yake. Radi atabaki na kazi. Na futi tisa, zisipotajwa na mtu, zitabaki pale zilipo. Kila mtu atapata kitu, hasa mimi.

Nilivaa helmeti nyuma ya banda, nikaingia. Makofi yalipigwa mpaka chifu akainua mkono. Mgongoni nilihisi baridi pale ambapo aproni ilizoea kukaa. Mzee Manasseh alikuwa mstari wa mbele, suti ya Sabato, miwani yenye uzi. Drusilla alikuwa kando yake na kapu mapajani. Masese alisimama katikati, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi.

"Radi," chifu akasema, "huyu ndiye?"

Nikatikisa kichwa. Watu wakanung'unika.

"Basi ni nani? Umeonekana umemkalia."

"Aliteleza, chifu," nikasema kwa sauti ya pua. "Alikuwa na gunia kwa uso."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona."

Chifu akafunga daftari lake. "Kama hukumwona, huwezi kujua kwamba si huyu. Mpaka nionyeshwe mwingine, Futi Moja ni Masese. Gari la polisi liko barabarani."

Mpango wangu ulikuwa umedumu dakika mbili.

Masese akaomba kusema. Kaka yangu si msemaji, na aliongea akitazama ardhi.

"Mimi nimepotezewa futi tisa," akasema. "Upande wa Onsongo. Wazee walioshika kamba baba alipotugawia wako hapa, waulizeni mpaka ulikuwa wapi. Ni kwenye migomba. Nilikuwa nakaa kwa mvua nimshike huyo mtu, kwa sababu sikutaka kuamini ni ndugu yangu. Radi ilipompiga Onsongo, mimi ndiye nilimbeba mgongoni mpaka Ogembo. Siwezi kumshtaki mtu niliyembeba. Kama ni lazima mtu aende, nitaenda."

Ndani ya helmeti kulikuwa na joto. Nililia, na kioo kikajaa mvuke, sikuona mbele kwa muda.

Wazee wawili walisimama mmoja baada ya mwingine. Wote wakasema mpaka wa baba ulikuwa kwenye migomba, tangu mwaka ule wa mgao, na haujawahi kufika kwenye mkaratusi.

"Haujawahi?" ikauliza sauti ya mstari wa mbele.

Mzee Manasseh alikuwa amesimama.

"Haujawahi, mzee wangu," wakamjibu.

Alibaki amesimama, midomo ikisogea, nikajua anapiga hesabu. Kisha akavua kofia.

"Basi nimekosea kipimo," akasema. "Mfungueni huyu mtu. Futi Moja ni mimi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya muwa aliacha kumenya.

"Mzee," chifu akasema polepole, "unajua unasema nini? Gari la polisi halirudi tupu."

"Najua, nitapanda. Nimewaheshimu wapima ardhi maisha yangu yote, siwezi kumwacha mtu afungwe kwa kipimo changu kibaya." Akanigeukia. "Na kijana huyu wa Nairobi asilaumiwe. Alinishika, akaona aibu yangu, akanisitiri, akanyamaza hata leo mbele yenu. Nimeweza kusimama hapa kwa sababu yeye ni mgeni kwangu. Angekuwa wa nyumba yangu, ningekufa kwanza."

Watu wakanipigia makofi tena. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyoniuma kama yale.

"Ila kabla sijapanda gari," mzee akaendelea, "kuna mtu aliyenionyesha mpaka. Sikuuota. Alinyoosha mkono akaniambia ni hadi pale kwenye mkaratusi, na mimi nikaamini kwa sababu nilikuwa nampa binti yangu. Aje aseme kama nina wazimu. Omoko wangu Onsongo yuko wapi?"

Vichwa vikageuka huku na huku.

"Alikuwa hapa sasa hivi," mtu akasema.

"Labda ameenda kwaya," mwingine akasema.

Masese hakugeuza kichwa. Alikuwa ananitazama mimi, gambuti zangu, zile alizoninunulia nilipotoka hospitali.

Drusilla akainuka. Alifungua kapu, akatoa aproni ya njano, imefuliwa, imekunjwa, kiraka cha bluu kikiwa juu. Akatembea mbele ya watu wote bila haraka mpaka akanifikia. Akazunguka nyuma yangu, akanifunga ile aproni shingoni, fundo moja, fundo la pili, kama anavyomfunga Linda skafu asubuhi.

"Umesahau nguo yako," akaniambia chini kwa chini. "Utasema mwenyewe, ama nikusaidie?"

Mbele yangu baba yake alikuwa ananitabasamulia, tabasamu la shukrani la mtu anayemuaga mgeni. Nyuma ya watu nikasikia breki za gari la polisi.

Hapo ngurumo ikapiga, ya kwanza siku hiyo. Nikahisi nguvu zikiingia mikononi, mpaka kwenye vidole. Ningeweza kuinua lori la chai na dereva wake. Nikapeleka mikono kwenye kile kikamba cha helmeti chini ya kidevu ili nikifungue, na kikamba kikanishinda.